Sidii Zilizofukuza Ndege

Zilisikika kabla ya kuonekana. Cha, cha-cha, cha, mlio mwembamba kama wa vijiko vinavyooshwa kwenye beseni, ukitoka ndani ya ukungu uliofunika bonde zima. Upepo ukipanda, mlio unapanda nao. Upepo ukitulia, inabaki moja tu inayogongagonga, kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango.

Aldo Mgongolwa alisimama kwenye mteremko akainua mkono. Truda, aliyekuwa akimfuata kwa nyuma na khanga amejitanda kichwani kwa baridi ya Mufindi, naye akasimama.

"Unazisikia?" Aldo aliuliza.

"Nazisikia. Ni nyingi, shemeji?"

"Mia. Labda zaidi."

Neno lile "shemeji" lilimkwaruza Aldo kama kila siku. Miaka saba iliyopita alimwandikia huyu Truda beti arobaini, vina vya kati na vya mwisho, mizani kumi na sita pasipo kukosea hata mmoja. Truda alizisoma zote, akacheka kwa furaha, akasema hajawahi kuandikiwa kitu kizuri namna ile. Kisha akaolewa na Vitus Komba. Tangu hapo Aldo ni shemeji, maana yeye na Vitus ni watani, Mhehe na Mngoni, na tena ni marafiki wa toka darasa moja la ufundi.

Siku tisa sasa, tangu kompyuta ya Vitus igome kuwaka na mkono wake wa chuma ulale nayo, walikuwa wakiitafuta sidii moja. Aldo alikuwa amepekua maghala ya Makambako, akaenda Njombe, akalala kwenye benchi la fundi mmoja aliyemwahidi boksi zima na mwishowe akamwonyesha kanda za kwaya. Alichopata ni sidii tatu za Kiota, mfumo wa kuendeshea kompyuta, toleo la tano. Zote tatu, kompyuta ya Vitus ilizionja na kuzitema kwa jibu lile lile: prosesa hii haifai.

Na haikufaa kweli. Kompyuta ile ilitengenezwa kabla ya Wingu, enzi ambazo kila mashine ilikuwa na akili yake kifuani. Zilizokuja baadaye hazina akili. Kila alfajiri huinua uso na kunyonya akili kutoka kwenye Wingu, na zikifikisha miaka kumi Wingu huzistaafisha, nazo huzimika papo hapo, hata kama zimo katikati ya kazi. Ya Vitus ilikuwa mzee wa biti thelathini na mbili. Haikuwa na tundu lolote ililolitambua wakati wa kuwaka isipokuwa kisomeo cha sidii. Ilitaka toleo la nne, na toleo la nne halikuwapo duniani, au ndivyo Aldo alivyoamini hadi juzi, alipokumbuka kwamba chuo cha misitu kilipofungwa, maboksi ya maktaba yalitupwa nje, na wakulima wa bonde hili wakayagombania.

Ukungu ulipasuka kidogo. Nyuzi za katani zilivutwa kutoka mti hadi mti juu ya ulezi uliokuwa ukianza kuiva, na kwenye kila uzi sidii zimening'inia kama samaki waliotungwa, zikigeuka, zikigongana, zikimulika. Kundi la kwelea lilizunguka juu, likaona, likaenda zake.

"Wezi huja na magunia," sauti ilisema kutoka kwenye kibanda cha majani. "Nyinyi mmekuja mikono mitupu. Mna shida gani?"

"Kamwene, bibi."

"Kamwene."

Alikuwa Bibi Sekalolo, mwenye shamba, amevaa koti la mvua la mwanamume. Aldo alimweleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, hizi ndizo askari wangu. Mwaka juzi walinishawishi nikaleta vile vidude vikuukuu vinavyoruka vyenyewe kufukuza ndege. Vilifanya kazi msimu mmoja na nusu. Asubuhi moja vyote vikaanguka kama embe bovu. Nikauliza, nikaambiwa vimestaafu. Nilikula mlenda bila ugali mwaka ule. Hizi hazijastaafu hata siku moja."

"Nataka moja tu."

"Ukichomoa moja panabaki pengo, na kwelea anaona pengo kuliko wewe unavyoona mlango."

Aldo alifungua mkoba, akatoa zile sidii tatu za toleo la tano. "Nitakupa tatu kwa moja. Hizi mpya, zinang'aa kuliko zako."

Bibi alizigeuza zikamulika usoni mwake. "Na wewe huzitaki kwa nini?"

"Kwa mashine niliyonayo hazina kazi. Ndege hawatajua tofauti."

Bibi akacheka, akawaruhusu.

Walianza kwenye uzi wa kwanza. Aldo alimwelekeza Truda namna ya kuchagua. Zenye mgongo wa kijani au wa bluu aziache, maana hizo ziliandikwa na watu kwa mashine za nyumbani, na maandishi yake ni rangi. Jua huila rangi kama linavyokula khanga. Atafute zenye mgongo mweupe wa fedha, zilizopigwa chapa kiwandani. Za namna hiyo maandishi yake ni vishimo vilivyofunikwa kwa madini, na jua halina meno ya kula kishimo. Kisha kila moja aiinue kwenye mwanga: ikivuja vitundu kama chekeche, imekufa.

Saa nzima ilipita. Nyimbo za injili. Kamusi. Mafunzo ya kufuga nyuki. Truda alikuwa akiinua kila moja kwa mikono miwili, kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai, na Aldo alikuwa akimwangalia akiwaza: hakuna aliyewahi kuinua kitu chochote hivyo kwa ajili yangu.

"Shemeji. Njoo uone hii."

Picha ya ndege mfumaji juu ya kiota. Herufi zilizopauka. Toleo la nne.

Aldo aliiinua juu ya kichwa chake. Upande wa ndani, kuzunguka tundu, hapakuvuja hata nukta. Lakini ukingoni, mahali ambapo sidii ilikuwa ikigongana na jirani zake kwa miaka, palikuwa pamekwaruzika pande zote mbili.

"Itafaa?" Truda aliuliza. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi tayari, na hayakuwa machozi kwa ajili ya Aldo.

"Itajulikana huko huko."

*

Mkono wa chuma ulikuwa umelazwa juu ya kitambaa cha mezani, kiganja juu, vidole vimekunjika nusu, kama wa mtu aliyelala. Vitus Komba alikuwa amekaa kando yake, mkono wa kulia wa shati lake umefungwa fundo chini ya kiwiko. Msumeno wa kiwanda cha mbao ulimkata miaka kumi na moja iliyopita.

"Mtani," Vitus alimwambia Aldo alipoingia. "Nasikia umeniletea cha kutishia kwelea. Umekosea nyumba."

"Sijakosea. Kwelea na Mngoni wana tofauti gani? Wote huja kwa makundi na kula walichokilima wengine."

"Na Mhehe kazi yake kupiga kelele shambani. Mavuno tunayala sisi."

Truda aliwaambia wote wawili wana njaa ya akili, akaingia jikoni kupika chai.

Ndiyo raha na sumu ya utani. Mtani hakasirikiwi. Mwaka jana, kwenye sherehe ya mavuno, baada ya Vitus kumshinda kupiga ligombo kwa mara ya nne mfululizo, Aldo alisimama mbele ya watu wote akaimba ubeti alioutunga papo hapo:

Mngoni kashika kamba, za ligombo la Wahehe,
Vidole vyake vyatamba, vimeitwaa sherehe,
Wangu wa nyama wagomba, wadai haki Kihehe,
Chuma kingekuwa jembe, tungelima tukashiba.

Watu walicheka hadi kukaa chini. Vitus alicheka kuliko wote, akamtunza Aldo shuka. Hakuna aliyejua kwamba kila neno lilikuwa kweli. Ligombo lile, ubao mrefu wenye nyuzi na kibuyu, babu yake Aldo alilipiga, na babu wa babu yake. Aldo alianza kulipiga akiwa na miaka mitano. Na sasa kila mwaka mavuno yanafunguliwa na Mngoni mwenye vidole vya chuma, na watu wanafumba macho wakisikiliza, na Truda anafumba macho akisikiliza.

Sherehe nyingine ilikuwa Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

Aldo alichukua dawa ya meno, akaipaka kwenye mgongo wa sidii, akaisugua kwa kitambaa laini kutoka tunduni kwenda ukingoni, hakuzungusha. Aliisuuza, akaikausha kwa shati lake, akaiweka kwenye kisomeo. Kompyuta ikavuta pumzi. Taa ya kijani ikapepesa. Kwenye kioo akatokea ndege mfumaji akifuma.

"Mungu wangu," alisema Vitus kwa sauti ndogo.

"Bado. Nenda kanywe chai. Ukinikalia shingoni nitakosea."

Vitus aliondoka. Aldo akabaki na mashine na ule mkono uliolala.

Kiota kilikuwa na desturi nzuri ya kale: kabla hujasakinisha, kinakuruhusu kuchungulia diski. Aldo alichungulia ili ajue kuna nini cha kuokoa. Kumbukumbu za mkono zilikuwepo, nzima. Kila alfajiri, kwa miaka yote, mkono ule ulikuja kulala hapa na kueleza ulichojifunza jana. Ndiyo maana Vitus alikataa mikono ya kisasa inayovuta akili kutoka kwenye Wingu, ambayo yote hushika kijiko namna moja na kupiga ligombo namna moja, kutoka Songea hadi Bukoba.

Palikuwa na folda mbili. Ya kwanza iliitwa MFANO. Aliifungua, akidhani ni maelezo ya kiwanda.

Zilikuwa video sitini na moja. Aliitazama moja. Mkono wa kulia wa mtu, umepigwa picha kwa karibu kutoka upande, unapita juu ya nyuzi za ligombo. Chini ya kidole gumba palikuwa na kovu la panga.

Aldo alitazama kovu lililokuwa chini ya kidole gumba chake mwenyewe.

Akafungua nyingine. Ua wa nyumba yao, jioni. Nyingine. Wodi ya hospitali, siku zile ambazo Vitus alikuwa akiuguza kisiki, na Aldo alikuwa akienda kila Jumapili kumpigia apate usingizi. Mkono wa chuma una jicho dogo kifundoni, la kujifunzia kwa kutazama mkono mzima. Ulimtazama yeye. Kwa mwaka mzima ulikaa pembeni yake ukimla kwa macho, na yeye hakuambiwa.

Kwa hiyo aliyemshinda miaka minne ni yeye mwenyewe. Hasira ilimpanda hadi masikioni, tamu, kwa sababu hatimaye ilikuwa na haki.

Kisha akafungua folda ya pili, MAZOEZI. Hapakuwa na mkono wake humo. Kulikuwa na saa elfu tano na ushee za Vitus peke yake, akikosea, akirudia, akikosea pale pale, akirudia. Mwishoni kulikuwa na mapigo ambayo Aldo hakuwahi kuyapiga wala kuyawazia. Aliyasikiliza mawili. Akafunga. Hasira yenye haki ilimtoka, kikabaki kile kijicho cha siku zote, kisicho na haki yoyote, na kilikuwa kikali zaidi.

Akarudi kwenye ukurasa wa kusakinisha. Kiota kilimwekea njia mbili.

Ya kwanza: futa diski na usakinishe upya. 

Ya pili: sakinisha na uhifadhi kilichopo.

Sidii husomwa kutoka ndani kwenda nje. Njia ya kwanza ilihitaji nusu ya ndani tu, ile iliyo safi. Mkono ungeamka kwa hakika, ila ungeamka kama wa mtoto mchanga, haujui kufunga kifungo, sembuse kushika uzi. Njia ya pili ilihitaji sidii nzima, mpaka kwenye ukingo uliokwaruzwa. Ikikatika katikati, diski ingebaki haina mfumo wala kumbukumbu, wala isingekubali kuandikwa upya, na mkono usingeamka tena kabisa.

Fundi yeyote mwenye busara angesema: futa. Mwalimu wao wa ufundi angesema futa. Angeulizwa Jumamosi, mbele ya watu wote, Aldo angeweza kuapa kwamba alishauri kilicho salama, na asingekuwa amesema uongo. Hilo ndilo lililomtisha. Alijaribu kukumbuka ni lini aliamua kwamba kufuta ndiyo busara: kabla ya kuyasikia yale mapigo mawili, au baada. Hakukumbuka.

Kidole chake kilikuwa juu ya kibodi.

"Vitus," aliita. "Njoo. Na mkeo aje."

Walikuja. Aldo aliwaeleza njia zote mbili, polepole, hatari ya kila moja, bila kupunguza.

"Wewe ungefanya nini?" Vitus aliuliza.

"Mimi ningefuta. Lakini usinisikilize. Ushauri wangu una wivu ndani yake."

Vitus akatabasamu. "Mtani bwana. Hata leo."

"Sitanii. Leo nauweka utani chini, nauweka hapa mezani. Nakuonea wivu, Vitus. Nimekuonea wivu kwa huo mkono na kwa ligombo, na kwa huyu aliyesimama nyuma yako. Yote niliyokuimbia mkacheka yalikuwa kweli. Sasa nimeshika diski yako, na kichwa changu kinaniambia futa, na sijui kama ni kichwa au ni roho mbaya. Amua wewe."

Truda alitazama chini. Vitus hakucheka.

"Umeiona folda," alisema mwishowe.

"Nimeiona."

"Daktari alisema mkono lazima uwe na mfano. Akasema omba ruhusa kwa mwenye nao. Sikuomba." Alishika kisiki chake kwa mkono wa kushoto. "Ulikuja wodini unanipigia. Unafikiri nilikuwa nasikiliza? Nilikuwa nautazama mkono wako na kuomba ukatike. Niliomba hivyo kwa Mungu Jumapili nzima nzima, wewe unanibembeleza nilale. Nilipoona haukatiki, nikauiba. Ningekuomba ningelazimika kukushukuru, na sikutaka."

"Miaka kumi na moja," alisema Aldo.

"Miaka kumi na moja. Kwa hiyo usijione una wivu peke yako, Mhehe wewe. Kama video zilizo zako unataka uzitoe, zitoe. Ni haki yako."

"Nikizitoa utabaki na nini?"

"Sijui. Sijawahi kujua. Ndiyo maana siwezi kulala siku za sherehe."

Aldo alimtazama Truda, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba Truda hakumwita shemeji. "Aldo," alisema, "fanya ambalo kesho utaweza kulisema hivi hivi, mbele yetu."

Akabonyeza njia ya pili.

Ndege mfumaji alianza kufuma. Kumi kwa mia. Thelathini. Hamsini, na kisomeo kikavuka mpaka wa usalama. Sabini. Themanini, na sidii ikaanza kulalamika humo ndani, ikizunguka, ikipunguza, ikizunguka. Themanini na tisa. Ndege akasimama na ujani mdomoni.

Kioo kikaandika: haisomeki. Jaribu tena?

"Usiguse kitu," Aldo alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akigusa. Alifungua kisomeo bila kuzima mashine, akaitoa sidii ikiwa ya moto. Aliielekeza dirishani akauona mkwaruzo wenyewe, mfupi, mnene, upande wa chini. Upande wa picha, mahali pale, palikuwa pazima. Alipaka dawa ya meno kidogo kwenye ncha ya kidole, akasugua pale tu, kovu lile likipanda na kushuka, dakika tano, dakika kumi, huku Vitus akiutazama mkono wake tena, kwa karibu, na safari hii akionekana akiutazama.

"Tazama vizuri," Aldo alisema bila kuinua kichwa. "Leo nimekuruhusu."

Aliirudisha. Akabonyeza. Sidii ilizunguka, ikakwama, ikazunguka. Tisini. Tisini na moja. Ilikaa tisini na moja kwa muda ambao chai yote ilipoa. Kisha, kama mtu aliyeamua kusamehe jambo dogo, ikapita, na mia ikafika haraka kuliko walivyoitarajia.

Juu ya kitambaa cha mezani, kidole kidogo cha chuma kilinyooka. Kikafuatia cha pete. Vidole vyote vitano vikajikunja na kujikunjua, kisha vikaanza kugonga meza kwa mapigo, na Aldo aliyatambua: yalikuwa ni mojawapo ya yale mawili, yale ambayo hakuvifundisha yeye. Truda alikaa chini sakafuni akalia bila kujificha. Vitus aliushika mkono wake kwa mkono wake mwingine.

Wivu haukumtoka Aldo. Alijipima ndani akaukuta ulivyo, mzima, na joto lake. Alianza kukusanya vitu vyake, akafunga mkoba, akasimama mbele ya Vitus, na aliposema hakukuwa na utani sautini mwake.

"Vitus Komba, nisikilize, na mkeo awe shahidi. Leo na kesho sitalala, nitakuwa na ligombo. Jumamosi nitakaa mbele yako, goti kwa goti, si pembeni, nami nitapiga nikitaka kukushinda kwa kila nilicho nacho. Nikikushinda, hakuna atakayesema nilikuharibia. Na ukinishinda, nitasimama mbele ya watu wote niseme nimeshindwa na Vitus, sijashindwa na chuma. Nitalisema bila kulifanya shairi. Hilo nakuahidi."